Pua, Sikio, Jicho, Mdomo

Nililisikia darasa kabla sijaliona. Sauti za watoto zilivuka ua wa michongoma zikiwa zimefungwa pamoja kama mzigo wa kuni, zikikariri siku za juma. Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Zilipanda na kushuka kwa mwendo mmoja hadi Jumapili, zikakatika. Halafu, ndani ya ukimya ule mfupi, sauti moja nyembamba ikasema peke yake, "Jumapili." Kikafuata kicheko cha darasa zima.

Niliijua sauti ile. Ilikuwa ya mtoto wa dada yangu, nami nilikuwa nimesimama langoni na sweta yake aliyoisahau nyumbani. Nilisubiri siku zianze upya, nikitumaini kwamba nilikuwa nimesikia vibaya. Zilianza upya. Safari hii sauti ile ilichelewa Jumatatu, ikachelewa Alhamisi, ikawa inakuja nyuma ya zote kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe waliyokanyaga waliomtangulia.

Miezi ile niliishi kwa dada yangu hapa Machakos, katika nyumba ya vyumba viwili upande wa chini wa mji. Yeye hutoka kabla jua halijagusa vilima vya Iveti, huenda kushona suruali za jinzi katika kiwanda kimoja cha Athi River, na hurudi giza likishaingia. Mimi nilishinda nyumbani nikiandika, kwa hivyo kumpeleka mtoto shule na kumrudisha lilikuwa jukumu langu. Mtoto mwenyewe, tangu aache kunyonya, alikuwa amelelewa kijijini Ndithini na mama yetu, ambaye yeye humwita susu, yaani nyanya. Alipoletwa mjini mwaka ule kuanza gredi ya pili alijua majina ya mbuzi wote wa susu, na Kikamba kingi, na Kiswahili cha kuomba maji tu.

Mwalimu wake wa gredi ya pili, msichana wa rika langu aliyeajiriwa kwa kandarasi, alitoka kuichukua sweta. Aliishika, akabaki pale pale.

"Anti, naomba tuongee kidogo."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Hiyo ndiyo shida." Alitazama nyuma, darasani, ambako kelele zilikuwa zimeanza kuchemka. "Nikimwita hageuki. Nikimuuliza swali anatabasamu. Wenzake wakisema anasema, wakinyamaza ananyamaza. Nikimtoa peke yake ni kama redio imezimwa. Mwalimu mkuu anataka apelekwe tathmini. Wakimpima ndiyo tutajua kama atabaki kwangu ama ataenda yuniti."

Yuniti ilikuwa chumba cha mwisho, mbali na madarasa mengine, kilichopakwa rangi ya samawati na watu wa kanisa fulani waliokuja siku moja na hawakurudi. Humo walisoma watoto wenye ulemavu wa kila namna chini ya mwalimu mmoja: asiyesikia, asiyetembea, asiyetulia, mdogo na aliyekwisha kuota ndevu. Watoto wengine wa shule walikuwa wamelifanya neno lile tusi. Ukikosea hesabu, wewe ni wa yuniti. Ukikosa mpira uliokujia miguuni, yuniti. Nilikuwa nimemsikia mama mmoja sokoni akimtisha mwanawe kwa neno hilo, kama zamani sisi tulivyotishwa kwa fisi.

Nilimwambia dada yangu jioni ile. Alikuwa bado na vumbi la buluu la jinzi kwenye nyusi. Alisikiliza hadi mwisho bila kuketi.

"Hiyo tathmini ni lini?"

"Mwezi ukiisha."

"Basi tuko na muda," alisema.

Sikuelewa muda wa nini mpaka aliporudi siku iliyofuata na chati ya mwili wa binadamu aliyoinunua duka la vitabu. Aliibandika ukutani juu ya jiko la gesi. Akamsimamisha mtoto mbele yake, akachukua mwiko, akaanza kugusa.

"Pua."

"Pua," akasema mtoto.

"Sikio."

"Sikio."

"Jicho. Mdomo. Haya, tena kutoka juu."

Hivi ndivyo watu wetu walivyo. Mtoto akiambiwa ataonwa na mtu wa serikali aliye na kalamu, tunamwandaa. Tunampa masomo ya ziada ya kuingia chekechea. Tunamfundisha mgonjwa namna ya kumjibu daktari. Nilimweleza dada yangu kwamba tathmini si mtihani, kwamba wanataka kumwona mtoto alivyo ili wajue msaada gani anahitaji, kwamba akijifanya hana shida atanyimwa msaada na atabaki nyuma vile vile. Alinisikiliza huku akigeuza sukuma wiki kwa mwiko uleule.

"Wewe ni mwandishi," alisema. "Unajua vile mambo yanafaa kuwa. Mimi najua Kenya. Hapa kila kitu ni mtihani, na mwenye kuanguka hupelekwa chumba cha mwisho."

Kikamba kikafukuzwa nyumbani kama kuku aliyeingia jikoni. Mtoto akisahau na kuomba uji kwa Kikamba, uji ulisubiri mpaka aombe kwa Kiswahili. Dada yangu alikuwa akimpenda kwa namna ya kutisha siku zile. Alimpaka mafuta hadi akang'aa, akamnunulia viatu vipya, akamkalisha mapajani na kumkaririsha rangi, vyombo, wanyama. Mtoto alijifunza haraka. Nilipenda kusikia alivyokuwa akijifunza haraka, na bado kuna kitu kilichonikosesha amani. Alikuwa akimkodolea mama yake macho mdomoni, kama paka anayekodolea tundu la panya.

Mama yetu alipiga simu kutoka Ndithini.

"Nasikia mnaenda kumpima mtoto. Kwani ni ndama wa kuuzwa?"

"Mwaitu," nilimjibu, kama tunavyomwita mama, "ni mambo ya shule."

"Na mkimpima mpate ni mzito, mtampunguza?"

Nilicheka. Dada yangu hakucheka. Aliichukua simu, akaiweka kwenye sikio la mtoto na kumpa ishara: Kiswahili. Mtoto alihamisha simu hadi sikio la pili, akafikiri, akasema taratibu, "Habari yako, susu."

Simu ilinyamaza kwa muda hadi nikadhani mtandao umepotea. Halafu nikasikia sauti ya mama yetu, ya chini, ikiuliza kwa Kikamba ni nani huyo anayeongea.

Kituo cha tathmini kilikuwa katika uwanja wa shule nyingine, nyumba ya mawe yenye paa la mabati na benchi nje. Asubuhi ile dada yangu alikuwa ameomba ruhusa kazini. Hakuwa amekula. Alikaa kwenye benchi akitafuna mkanda wa mkoba wake, akiacha, akimnong'oneza mtoto, akirudi kwenye mkanda. Kando yetu alikaa mzee mmoja na mvulana aliyekuwa akiyumba mbele na nyuma bila kukoma. Dada yangu alisogea kidogo mbali nao, kisha akaona haya, akarudi alipokuwa.

Mimi nilikuwa na simu mkononi nikisoma Katiba. Nilijua sehemu ile karibu kwa moyo kufikia siku hiyo, ibara ya hamsini na nne, ile inayompa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule zilizo pamoja na jamii. Lakini inaongeza kwamba ni kwa kadiri inavyolingana na maslahi yake. Nilikuwa nikiigeuza sehemu hiyo ya mwisho kama jiwe katika mchele. Maslahi yake yanajulikana na nani? Na mama yake, aliyempaka mafuta hadi akang'aa? Na mtu aliye ndani, ambaye hajawahi kumwona?

Aliyetuita alikuwa mwalimu wa makamo, mwanamke mwenye uso mpana mtulivu, ambaye Kiswahili chake kilionyesha ametoka pande za magharibi. Alitukalisha mimi na dada yangu ukutani.

"Mama, nitakuomba kitu kimoja. Nikiwa na mtoto, usiseme chochote. Usimsaidie hata kwa macho."

"Sawa, mwalimu."

"Nyumbani mnaongea lugha gani?"

"Kiingereza," dada yangu alisema. "Na Kiswahili kidogo."

Nilikohoa. Aliniminya paja.

Mwalimu alitoa picha ya kichwa cha mtoto. Akaweka kidole mdomoni pa picha ile na kuuliza, "Hii ni nini?"

Mtoto alinyoosha mgongo. Huu ndio wakati aliokuwa ameusubiri mwezi mzima.

"Pua," alisema.

Kidole kikaenda kwenye jicho. "Na hii?"

"Sikio."

Kidole kikaenda kwenye pua. "Na hii?"

"Jicho."

Kikafika kwenye sikio. "Mdomo," akasema mtoto, kwa furaha, akageuka kumtazama mama yake ili apewe sifa.

Mtoto alikuwa amejibu kila kitu sawasawa, kwa utaratibu aliofundishwa, na hakuna jibu hata moja lililoangukia mahali pake. Mwalimu aliandika. Kalamu yake ilikuwa na sauti ndogo ya kukwaruza, na dada yangu alijikunyata kwa kila mkwaruzo.

"Turudie," mwalimu alisema kwa upole. Akarudisha kidole kwenye sikio. "Usiharakishe. Hii ni nini?"

Mtoto alimtazama mama yake. Mama yake alitazama sakafu, kama alivyoagizwa. Basi mtoto, baada ya kuachwa na wote, akarudi mahali pa pekee palipokuwa pamebaki.

"Kutu," alisema.

"Kutu?" Mwalimu alikunja uso. "Kutu ya mabati?"

"Kutu," akarudia mtoto, akiligusa sikio lake mwenyewe, lakini mwalimu alikuwa tayari ameinama juu ya karatasi.

Sijui kama watu wa pwani au wa ziwani wanaweza kuhisi uchungu wa dakika ile. Katika Kikamba sikio ni kutu. Hilo ndilo jibu la kwanza la kweli alilotoa mtoto yule katika chumba kile, nalo liliandikwa kama upuuzi. Dada yangu alilijua. Nililiona likipanda kooni mwake. Akisema, atakuwa amevunja sharti na kufichua uongo wake. Akinyamaza, neno lile litamfuata mtoto hadi chumba cha mwisho.

"Amesema sikio," dada yangu alisema.

"Mama, nilikuomba."

"Najua. Lakini amesema sikio. Kwetu sikio ni kutu."

Mwalimu aliinua kichwa. Hakuonekana kukasirika, na hilo lilinitia hofu zaidi.

"Mlisema nyumbani mnaongea Kiingereza."

Dada yangu aliushika tena mkanda wa mkoba wake.

"Sasa Kikamba amekitoa wapi, kwa jirani?"

"Ni changu," dada yangu alisema, kwa sauti iliyokaribia kupotea. "Ni chetu. Nilimkataza."

"Na hizi pua na sikio, ulimfundisha?"

"Kwa chati."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Aliifuta miwani yake kwa ncha ya kitambaa cha meza, akachukua muda wake. "Sasa mimi sijui," alisema. "Sijui nimempima mtoto ama nimekupima wewe." Akaikunja karatasi. "Rudini wiki ijayo. Kuna mwenzangu Mkamba atakuwa amerudi kutoka likizo. Na mama, nakusihi, mlete vile alivyo."

Tukaenda nyumbani kwa miguu. Tulipofika kwenye mlima wa mwisho wa barabara yetu, dada yangu akasimama kupumua.

"Sasa akianguka kwa Kikamba pia?" aliniuliza.

Hapo ndipo nilipoielewa hofu yake. Mpaka siku ile tulikuwa na mahali pa kujificha. Tulikuwa tukisema ni lugha, ni mji, ni ugeni, atazoea. Wiki ijayo angeulizwa kwa lugha aliyonyonyea, na kama huko nako kungekuwa na ukimya, hatungekuwa na kisingizio kingine cha kushika.

Chati ilitoka ukutani. Kikamba kikarudi ndani, na nyumba ikajaa kelele ambazo sikujua zilikuwa zimekosekana. Mtoto alisimulia habari za mbuzi wa susu, na nyoka aliyewahi kuingia ghalani, na jinsi mvua ya Ndithini inavyonuka kabla haijafika. Alikula muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, hadi akalala mezani. Dada yangu alicheka pale alipopaswa kucheka, lakini nilimwona akimchunguza mtoto kama mtu anayekagua kitambaa kwenye mwanga akitafuta kasoro, tabia aliyoitoa kiwandani. Aliulizia kila kitu mara mbili. Mbuzi huyo aliitwa nani? Na yule mwingine? Akijibiwa, alipumua. Asipojibiwa, na mara nyingine hakujibiwa, alifunga macho.

Huyo mwenzake mwalimu, tuliyemkuta wiki iliyofuata, alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu, mwenye mzaha mdomoni kabla hajaketi. Alimuuliza mtoto kwa Kikamba kama ni kweli mbuzi wa Ndithini huvaa viatu. Mtoto akasema hapana, ni wa Machakos ndio huvaa. Mzee akacheka hadi akakohoa. Wakaenda hivyo, kutoka mbuzi hadi hesabu, kutoka hesabu hadi picha, na kila alipoulizwa mtoto alijibu, na kila jibu lilimwinua dada yangu kidogo kutoka kitini.

Kisha yule mzee akainuka, akampa mtoto karatasi akunje mashua, na akiwa bado anaongea akapita nyuma yake. Kutoka upande wa kulia aliuliza kitu kwa sauti ya kawaida. Mtoto alisita, akageuka kumtafuta, akajibu. Mzee akahamia upande wa kushoto na kuuliza swali jingine.

Mtoto aliendelea kukunja karatasi.

Akauliza tena, kwa sauti ya juu zaidi. Vidole vile vidogo havikusimama. Vilikuwa vikiipapasa mashua, vikiinyoosha omo yake, katika ukimya uliokuwa wake peke yake. Dada yangu alinishika mkono na kunifinya. Mzee akaita jina la mtoto. Akaliita mara nyingine. Mimi na dada yangu tulikuwa tukisikia, na ukuta ulisikia, na waliokaa kwenye benchi la nje pengine walisikia.

"Hajawahi kutoa usaha masikioni?" mzee aliuliza, akirudi mezani.

"Akiwa mdogo," dada yangu alisema. "Tuliambiwa ataacha akikua."

"Sikio la kushoto naona ni la pambo tu. La kulia linasikia, lakini si lote. Anasoma midomo. Darasani anawatazama wenzake, ndiyo anachelewa. Mtampeleka hospitali kwa kipimo cha masikio, sisi tutaandika. Lakini akili yake iko sawa kabisa. Anaweza kubaki darasa lake. Akae mbele, sikio la kulia lielekee kwa mwalimu, na mwalimu aongee akimwangalia usoni, asiongee na ubao. Na kelele. Kelele ndiyo adui wake mkubwa."

Dada yangu aliyasikiliza yote hayo akitikisa kichwa kwa bidii. Kisha akauliza, "Kwa hivyo amepita?"

Mzee alikuwa ameanza kuandika. "Mama," alisema, "hapa hakuna kupita."

Nilidhani jambo lingeishia pale, kwa kuwa sasa tulikuwa na neno la wataalamu. Lakini mwalimu mkuu wa shule, mtu mnene mwenye sauti ya kuhubiri, alisoma karatasi ya kituo, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai, akasema, "Nimeona. Ni mtoto wa yuniti huyu."

"Wamesema abaki darasani," dada yangu alisema.

"Wamesema anaweza. Wao wako ofisini, mimi niko hapa. Muulize mwalimu wake kama anaweza."

Mwalimu wa gredi ya pili alikuwa amesimama mlangoni na vumbi la chaki kwenye kiuno cha sketi. Nilimwona akitafuta jibu ambalo lisingekuwa uongo. "Darasa limejaa," alisema. "Wengine wanakaa watatu kwa dawati la wawili. Nikiandika ubaoni nimewapa mgongo. Nikimwangalia yeye, wengine wanapigana. Nataka kusema naweza. Sijafundishwa."

"Sheria inampa haki," nilisema. Nilikuwa nimeapa nitanyamaza.

"Sheria naijua, dada yangu," mwalimu mkuu alinigeukia. "Niliisoma kabla yako. Isome mpaka mwisho, inasema kwa kadiri inavyomfaa mtoto. Na hizi sheria mpya zote zinakuja nzuri sana, zimepigwa pasi. Lakini hazikuja na mwalimu." Akanywa chai. Aliposema tena, sauti ya kuhubiri ilikuwa imepungua. "Mimi pia niko na shida yangu, wacha niwaambie. Kila mtu sasa anasema ujumuishaji, watoto wa yuniti warudi madarasani. Basi wazazi hawaleti wengine, na waliopo wanapungua. Wakipungua sana, yule mwalimu ananyang'anywa, na wale wasioweza kurudi popote, nitawaweka wapi? Nipeni huyu mwaka mmoja. Huko kuna mwalimu amesomea lugha ya ishara."

Nilikuwa nimepita nje ya yuniti asubuhi ileile. Nilimwona mwalimu yule amepiga magoti sakafuni ili uso wake uwe sawa na uso wa mtoto aliyekuwa akimfundisha neno. Alikuwa akilirudia neno hilo kwa mdomo na kwa mikono, bila haraka yoyote, kama mtu anayempa ndege maji. Hakuna mtu aliyekuwa akicheka humo. Na kule gredi ya pili nilijua wanacheka. Nilikaa pale ofisini na kujiuliza kama tulikuwa tukimpigania mtoto au tukilipigania neno ambalo hatukutaka aitwe. Nilitaka kumwambia dada yangu hivyo. Sikuwa na uhakika wa kutosha kufungua mdomo.

Dada yangu alikuwa akitazama mikono yake, iliyochomwa sindano hapa na pale.

"Mwalimu," alisema, "akienda huko, atarudi?"

"Mwaka mmoja, nimesema."

"Nasikia. Nauliza, kuna mtoto amewahi kwenda huko akarudi darasani?"

Mwalimu mkuu aligeuka kumtazama mwalimu wa gredi ya pili, kana kwamba yeye angekumbuka mmoja. Nje watoto walikuwa wakipiga foleni ya maji na kusukumana. Mwalimu wa gredi ya pili alitazama viatu vyake.

"Bado," mwalimu mkuu alisema hatimaye.

"Basi abaki."

"Atazama, mama."

"Azame mahali naweza kumwona."

Mwalimu mkuu alikizungusha kikombe juu ya ile karatasi. "Abaki," alisema. "Mpaka muhula uishe. Nikiona haendi, nitamhamisha, na siku hiyo usije kunililia na Katiba ya huyu dada yako." Akatuonyesha mlango kwa kidevu, bila chuki, akiwa tayari anaita mwingine.

Tulimfuata mwalimu hadi darasani. Nilibaki barazani, chini ya ukingo wa paa. Dada yangu akaingia na mtoto, amemshika kiwiko. Mwalimu alisimama mbele ya watoto wake, akalitazama darasa kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka kabati katika chumba kilichojaa. Akahesabu pande kwa kidole, kulia, kushoto, akijigeuza yeye mwenyewe ili aone sikio gani litaelekea wapi. Akakosea, akaanza tena.

"Wewe na wewe," alisema, akiwaelekeza wawili wa dawati la mbele, kando ya ukuta wa kushoto. "Sogeeni nyuma."

"Madam, hapa ni pangu," msichana mmoja alilalamika.

"Uko na hati ya shamba?"

Darasa likacheka. Msichana akakusanya vitabu vyake kwa mwendo wa mtu aliyedhulumiwa. "Si aende yuniti," alisema, si kwa sauti ya chini, kwa sababu aliamini hatasikika na aliyehusika. Dada yangu alisikia. Mtoto alikuwa amemtazama msichana usoni, na sijui midomo ile ilimwambia nini.

Alikalishwa. Miguu yake katika viatu vipya haikufika sakafuni. Mwalimu akasimama mbele yake, akainama kidogo, akauliza jambo polepole, na mtoto akaitikia kwa kichwa, kwa tabasamu lile lile alilokuwa akilitoa kila aliposikia na kila asiposikia. Mwalimu alilitazama tabasamu lile. Akarudia swali lake.

Dada yangu alikuwa bado amesimama ndani, mgongo ukutani. Nilijua angekaa pale siku nzima kama angeachwa, akimtazama mtoto mdomoni. Kiwanda kilimpa ruhusa ya nusu siku, na nusu hiyo ilikuwa imekwisha. Kutoka jikoni kulikuja mlio wa sufuria kubwa zikisuguliwa kwa mchanga, na nje watoto wa gredi nyingine walikuwa wakipita na madumu.

"Mama, nenda tu," mwalimu alisema. "Nataka kufunga. Kelele inaingia."

Dada yangu alitoka kinyumenyume. Alikuwa bado anainua mkono kumpungia mtoto, ambaye hakuwa akimtazama, wakati mwalimu alipousukuma mlango, ukagoma, akausukuma tena kwa bega, ukafungika.